Jasho la Kusomeshwa

Saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa Julai, makarani wa shirika moja la kununua mazao mjini Mbeya walikuwa wamekaa na makoti yao mwilini, mikono wameifumbata kwenye vikombe vya chai. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, na kila mmoja alikuwa amekisogeza kiti chake karibu nalo kidogo kidogo, kwa hila, utadhani kiti kimejisogeza chenyewe. Nje, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Mhasibu msaidizi, Atuganile, alikuwa amekaa mbali na jiko, penye dirisha lililo wazi, akivuja jasho.

Hakuna aliyemwuliza kitu. Mwezi wa kwanza walimpa pole, mwezi wa pili walimpa taulo, na baada ya hapo jasho lake likawa jambo la kawaida pale ofisini, sawa na mlango usiofunga vizuri. Tarishi alipiga deki chini ya kiti chake kabla ya kuchemsha chai. Meneja, Ndugu Crispin, mtu mpole wa suti ya Kaunda, ndiye aliyeidhinisha taulo zinunuliwe kwa fedha za ofisi. Kwa hilo tumsifu, maana mengine hatutamsifu.

Jasho lenyewe lilianzia Iringa. Atuganile alisomea uhasibu katika chuo kimoja cha pale kwa gharama ya serikali, kuanzia sabuni mpaka vitabu, na kabla ya kuanza alitia saini mkataba kwamba akimaliza atafanya kazi miaka mitano popote atakapopangiwa, la sivyo atarudisha gharama yote. Kila mwanafunzi alitia saini. Siku hizo aliyesomeshwa hakuitwa mdaiwa, aliitwa mwenye bahati.

Siku ya mahafali upepo wa Iringa ulikuwa ukipeperusha vitambaa vya meza. Mgeni rasmi alisimama, akakohoa, akawatazama wahitimu.

"Ninyi mmesomeshwa kwa jasho la mkulima," alisema. "Jasho hilo liko juu yenu. Litakuwa juu yenu mpaka mtakapolilipa."

Wahitimu walipiga makofi. Maneno hayo walikuwa wakiyasikia tangu darasa la kwanza, na sasa waliyasikia kama mtu aliyelala anavyosikia mvua juu ya bati. Lakini Atuganile alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu anaposema. Kabla makofi hayajaisha alihisi shingo yake imelowa.

Katika basi la kurudi kwao alibadili blauzi walipofika Mafinga, akabadili nyingine Makambako, na pale Uyole alishuka amevaa koti la konda. Baba yake, Mzee Jailos, alikuwa amekuja kumpokea kandokando ya barabara kuu.

"Umenyeshewa njiani?" aliuliza.

"Ni jasho la mkulima, tata. Mgeni rasmi ametukabidhi."

"Ahaa," alisema Jailos, akabeba sanduku. "Basi twende haraka usije ukapigwa na upepo."

Alipopangiwa kazi mjini Mbeya, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, Jailos alifurahi mpaka akachinja jogoo. Nyumba ya shirika, mshahara mwisho wa mwezi, pensheni uzeeni! Neno pensheni alilipenda kupita yote. Alilitamka taratibu, kama mtu anayelamba asali na hataki iishe. Atuganile alikula jogoo, akashukuru. Roho yake ilikuwa kwenye kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa cha shaba, kikubwa, kizito kama mtoto anayekaribia kuanza shule, na kililazwa katika stoo ya kanisa la Uyole.

Lilikuwa besi la bendi ya matarumbeta. Wanabendi waliliita Fahali. Mwalimu Saulo, mkuu wa bendi, alimpa Atuganile alipulize angali msichana mdogo, baada ya wavulana kulijaribu na kutoa sauti za mtu mwenye tumbo la kuhara. Kwa mdomo wa Atuganile lilinguruma. Watu waliokuwa wakichimba viazi ng'ambo ya barabara walisimamisha majembe, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena kama msichana anaweza kupuliza besi. Sasa, kila Jumamosi, alikuwa akidandia lori kutoka mjini kwenda Uyole kupuliza. Huko nako alitoka jasho, kama mpulizaji yeyote, lakini la huko lilikuwa lake mwenyewe.

Kuyatofautisha haikuwa kazi. Jasho la ofisini lilikuwa na harufu, na harufu haikuwa moja. Siku moja lilinuka maua ya pareto. Siku nyingine lilinuka udongo mweusi wa viazi, au tope la majaruba ya mpunga kule Usangu. Makarani walizoea kubashiri asubuhi, wakawekeana dau la maandazi.

"Leo pareto."

"Pareto wapi, hiyo ngano. Lete andazi."

Jasho lake mwenyewe halikunuka kitu ila Atuganile.

Mkulima wa kwanza kulifuata jasho lake alikuwa mama wa milimani aliyeitwa Marta. Alikuwa akipita barabarani na furushi kichwani. Akasimama, akanusa, akageuka, akapiga hodi. Alipokaribishwa alikwenda moja kwa moja mpaka penye dirisha.

"Hili ni langu," alisema.

"Karibu, mama." Atuganile aliinuka, akampisha kiti. "Lipi?"

"Hili la shingoni. La mwaka juzi. Nilikuwa nachuma pareto na mtoto mgongoni, anaumwa surua. Ona, linanuka mpaka dawa ya mtoto."

Makarani waliinama wakanusa. Ni kweli, dawa ilikuwemo. Marta alifungua khanga yake ya juu, akamfuta Atuganile shingo na mabega, taratibu, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kuogeshwa, kisha akaikunja khanga vizuri aende kuikamulia shambani. Jasho ni mbolea, hilo kila mtu analijua.

"Na kwa kuwa nimeshaingia," alisema, akimgeukia meneja, "ile pareto ya mwaka juzi mtanilipa lini?"

"Malipo yanashughulikiwa, mama," alijibu Ndugu Crispin.

"Ndaga," alisema Marta, ndiyo asante ya Kinyakyusa, akajitwika furushi lake akaenda.

Habari haina miguu lakini hufika. Kila siku ya soko uani kwa shirika kukawa na wakulima, na kukawa na furaha kama penye posa. Walikuja na njegere za kuchemsha na mahindi ya kuchoma. Walipanga mstari, wakanusa, wakabishana, wakachekana. Mzee mmoja alidai jasho la mgongoni, akakuta ni la mke wake, naye mke akamwambia mbele ya watu kwamba sasa ajue ni nani hulima katika nyumba ile.

Kutoka Usangu alikuja Nkuba, mfugaji na mkulima wa mpunga, Msukuma aliyehamia bondeni pamoja na ng'ombe wake. Aliegemea fimbo, akavuta pumzi mara moja tu.

"Mtu na jasho lake ni kama mtu na ng'ombe wake," alisema. "Hata ukimchanganya katika kundi la watu, utamjua. Hilo la kwapani ni langu, ng'wanawane, mwanangu. Nakuomba radhi."

"Nilikuwa nimeshajiuliza ni la nani," alisema Atuganile, na ua mzima ukacheka.

Nkuba alifuta la kwake kwa kitambaa cha kichwa. Kisha aliuliza habari ya malipo ya mpunga. Yalikuwa yanashughulikiwa.

Hapo ndipo Atuganile alipoona jambo. Kila aliyekuja kuchukua jasho lake aliondoka na swali lile lile na jibu lile lile. Wakulima waliokwisha kulipwa walipita barabarani wakanusa, hawakukuta chochote cha kwao, wakaendelea na safari. La kwao halikumtoka hata tone. Akaenda kwa meneja.

"Ndugu Meneja, jasho linalonitoka ni la wale wanaotudai."

"Najua," alisema Ndugu Crispin.

"Na mimi nimeletwa hapa nilipe."

"Wewe umeletwa hapa ulipe deni lako. La shirika ni jingine." Alimtazama kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, akaidhinisha taulo nyingine.

Wakati huo huo kifua cha Mwalimu Saulo kilikuwa kimeanza kuchoka. Alipiga wimbo mmoja, akakaa chini nyimbo mbili. Jumamosi moja, baada ya mazoezi, alimwita Atuganile pembeni.

"Krismasi sifiki nalo hili tarumbeta," alisema. "Nisipopata wa kumwachia, vyombo watavichukua makao makuu wakavifungie. Nakutaka wewe."

"Mwalimu, mimi nina Jumamosi tu."

"Jumamosi haitoshi. Watoto wanafundishwa mchana. Na mazishi, binti yangu, hayangoji Jumamosi."

Alimweleza malipo bila kumficha. Harusini watatoa kuku, msibani viazi, ubatizo chai na mkate. Fedha ingekuja kama jamaa wa mbali, mara moja moja na bila taarifa. Atuganile alisikiliza huku amemkumbatia Fahali. Alitaka. Tuseme wazi: alitaka mpaka meno yakamwuma. Hakuna kitu duniani alichokitaka kwa kiasi hicho, wala hakuwa na namna ya kujidanganya kwamba kitapita.

Jioni hiyo alimwambia baba yake.

"Tarumbeta halina pensheni," alisema Jailos.

"Najua, tata."

"Na mkataba? Gharama ya serikali utairudisha kwa nini, kwa viazi vya misibani? Gwe mwana, sisi hatuna mjomba wizarani. Ukianguka hapo ulipo, hatuna ngazi nyingine."

Mzee alisema kweli, na kweli inayosemwa na anayekupenda ndiyo ngumu kuliko zote kuijibu. Atuganile alimrudisha Fahali stoo. Jumatatu akaenda kazini.

Ilikuwa katikati ya wiki, makarani wakiwa bado wanabishana kuhusu andazi, ndipo ilipokuja harufu moja asiyohitaji kuibashiri. Moshi wa kuni za mkaratusi, tumbaku ya kunusa, na pareto iliyokaushwa juu ya mkeka. Alikuwa amebebwa juu ya mabega yenye harufu hiyo tangu hajajua kutembea. Jasho lilimshuka usoni, likaingia machoni, likachoma, naye akaliacha.

Hakulifuta mpaka Uyole. Jailos alikuwa uani akisuka tenga. Aliinua pua kabla hajainua macho, kisha mikono yake ikasimama.

"Limefika," alisema.

"Hawajakulipa, tata."

"Hawajanilipa."

"Na hukuja. Wenzako wote wamekuja."

"Ningekujaje? Baba anakwenda kumdai mtoto wake ofisini, mbele za watu?" Aliweka tenga chini. "Na Uyole yote nimeitangazia kwamba mwanangu yuko mahali pa uhakika."

Jailos alikuwa na aibu, na Atuganile alikuwa na uchungu, na hakuna aliyemficha mwenzake. Halafu mzee alivua koti, akalipindua upande wa ndani, akaanza kumfuta bintiye uso. Alipofika kwenye kidevu akasita, akanusa tena, akaguna.

"Haya, hili ni kali! Mwaka ule nililima kweli."

Atuganile ndiye aliyeanza kucheka. Jailos akafuata, akajaribu kunyamaza, akashindwa, mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, ni jasho tu.

"Pensheni nimeipenda sana," alisema Jailos alipopata pumzi. "Lakini ikiwa hao hao ndio wanaokaa na fedha yangu ya pareto, ya kwako ya uzeeni wataitoa wapi? Nenda kapulize, mwanangu. Tukilala njaa, tutalala tumecheza."

Siku ya soko iliyofuata Atuganile alitoka nje, akawaeleza wakulima mambo yote, bila kuongeza chumvi, maana chumvi ilikuwa ya kutosha. Wakaketi kwenye nyasi za ua wa shirika wakafanya mkutano. Nkuba, aliyekuwa na sauti ya kuitia ng'ombe, alipewa nafasi ya kuuliza.

"Binti huyu tunamdai?"

"Tunamdai."

"Tumemsomesha?"

"Hatukujua, lakini tumemsomesha."

"Nani alimtuma akasome vitabu vya hesabu?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa ameulizwa. Marta aliinua mkono.

"Mimi wangeniuliza, ningesema apulize. Tulipomzika mama, watu walinishika mkono wakaniachia, kila mtu na shida zake. Lile besi halikuniachia mpaka nimefika nyumbani."

Basi wakamsamehe. Hawakuwa na utaratibu wa kusamehe deni la namna hiyo, kwa hiyo walifanya kama walivyozoea: walisimama mmoja mmoja, kwa khanga, kwa kofia, kwa pindo la shati, wakamfuta. Aliyemaliza alimwambia "Pole na kazi," akampisha mwingine. Wa mwisho alipoondoa kitambaa chake, Atuganile alikuwa mkavu, kwa mara ya kwanza tangu Iringa, na baridi yote ya Mbeya, ambayo alikuwa hajaisikia mwaka mzima, ikampata kwa pamoja. Meno yaligongana. Alitetemeka, akacheka kwa furaha, akaomba sweta, akavishwa matatu.

Ndugu Crispin alitoka akasimama mlangoni.

"Msamaha wenu ni mzuri," aliwaambia, "lakini mkulima si mmoja wa waliotia saini. Akiacha kazi atalipa gharama yote kwa serikali."

"Si mlisema kasomeshwa kwa jasho letu?" aliuliza Nkuba.

"Jasho ni lenu. Deni si lenu."

Wakulima waliyatafakari maneno hayo, wakaona kwamba angalau yamesemwa waziwazi. Atuganile aliingia ndani, akakabidhi funguo, akaota moto penye jiko la mkaa pamoja na wenzake kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akawaaga. Kisha akapanda lori lililobeba magunia ya viazi, akaenda kumpokea Saulo tarumbeta.

Kiti chake hakikukauka. Walikianika juani kikaendelea kuvuja. Fundi akakipaka vanishi, vanishi ikabanduka. Mwisho Ndugu Crispin aliomba Iringa wamletee mhasibu mwingine, maana hesabu zilikuwa zikilala na sakafu ilikuwa ikioza.

Deni la Atuganile lilibaki pale pale lilipokuwa. Kila mwezi alikwenda mjini kulipa kidogo alichopata, na kila mwezi mtu wa dirishani alimkumbusha ni kiasi gani hakijalipwa, nacho kilikuwa kikubwa kuliko Fahali. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi mfukoni, akawakuta watoto wamemngoja na vyombo vimeng'arishwa. Jailos alikuwa amejifundisha kupiga ngoma kubwa. Alikuwa akiwahi mno, akapitwa na wimbo, akaudaka tena mbele ya safari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Krismasi ilipita, Saulo akaisherehekea kitini, akipiga makofi. Mwezi wa Julai uliofuata kulikuwa na harusi ya Alinanuswe, binti wa mwenye duka, kando ya barabara kuu. Bendi ilikuwa imepumzika kunywa chai basi la Iringa liliposimama. Abiria walishuka wakijikunyata katika mablanketi. Mmoja wao, msichana mwenye sanduku jipya, alishuka na blauzi nyepesi iliyomganda mgongoni.

Atuganile alimwendea na kitambaa.

"Shikamoo, dada," alisema msichana. "Naitwa Leokadia. Nimepangiwa kazi katika shirika la mazao."

"Marahaba. Inama nikufute." Alinusa kidogo. "Ngano. Na ni ya mwaka huu."

"Wewe unajuaje?"

"Nilikaa kwenye kiti chako."

Leokadia alifutwa uso, lakini ukalowa tena pale pale. "Linaisha lini?" aliuliza.

"Langu liliisha waliokuwa wakinidai waliponisamehe."

"Kwa hiyo hudaiwi tena?"

"Nadaiwa. Mwezi huu nimelipa kuku." Atuganile alimpa kitambaa akae nacho. "Hebu niambie, unapenda nini?"

Msichana alitazama nyuma, kama anayeogopa basi lisimsikie.

"Nyuki," alisema.

"Basi waambie wakulima. Watakuja wenyewe, usiwatafute, watakuja wakinusa. Waambie mapema."

Mwenye harusi alikuwa ameshaanza kulalamika. Atuganile alimbeba Fahali, akawatazama watoto wake, akavuta pumzi mpaka kiunoni, na besi likanguruma hadi vikombe vikacheza mezani. Dereva wa basi alizima injini. Abiria walitupa mablanketi yao, wakaingia katikati ya wenye harusi bila kualikwa, na Jailos akawahi na ngoma yake. Kwa nyimbo kadhaa hakuna aliyeikumbuka safari.

Basi lilipoondoka, Leokadia alikuwa amekaa dirishani na mkono nje, akipiga bati la ubavuni kwa kufuata besi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kiwiko, likadondoka barabarani tone kwa tone njia nzima ya kwenda mjini, na wakulima wa ngano waliokuwa wakitembea kwa miguu kuelekea soko walisimama, wakanusa, wakaanza kulifuata.